Hujampiga, lakini anakuogopa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, ni mkulima wa tumbaku hapa Urambo, Tabora. Nimeoa miaka 13 sasa, watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Sijawahi kumzaba mke wangu hata kofi, majirani ni mashahidi. Lakini amebadilika, amekuwa kama gogo. Hacheki, na nikiingia ndani hata watoto wananyamaza. Kila siku kichwa, kila siku tumbo, zahanati wanasema hawaoni ugonjwa. Mtoto wa pili, miaka minane, ameanza tena kukojoa kitandani na mama yake anamdekeza. Unyumba ananinyima mpaka nimlazimishe kidogo. Kikoba nilimtoa, kule wanafundishana ujeuri. Simu yake nakaa nayo mimi kwa usalama wake. Kila asubuhi namwachia shilingi 3,000 na jioni ananipa hesabu. Mwezi uliopita nikakuta ameficha 60,000 kwenye gunia la mahindi. Nilipomuuliza akaanza kunijibu, nikamshika shingo mara moja tu ili anisikilize, sikumpiga. Kesho yake nikamrudisha kwao akafundwe, watoto wapo kwa dada yangu. Sasa mama yake anasema binti yake harudi. Huyu mama mkwe anavunja ndoa yangu. Nifanyeje? – Baba wa Watatu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba iliyopoa. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara mama mkwe wako anazidi kunipendeza.

Nianze na shingo, ambayo umeichomeka mwishoni kati ya gunia la mahindi na safari ya ukweni, kama mtu anayepitisha mzigo kizuizini usiku. "Mara moja tu, sikumpiga." Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo imepita pembeni mwa shingo, karibu na ngozi, na haihitaji nguvu nyingi kuibana. Mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Mara nyingi hakubaki alama yoyote nje, ndiyo maana majirani zako mashahidi hawakuona kitu. Lakini ndani mshipa unaweza kuchanika ukuta wake, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye, hata wiki. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiwa shida, vidoti vyekundu vikionekana machoni, kichwa kikiuma upande mmoja, hayo si ya kunywea dawa ya maumivu. Mkeo aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba alikabwa, kwa sababu asiposema daktari hatatafuta. Na jambo hili polisi na madaktari wanalijua vizuri: mwanamke aliyewahi kukabwa na mumewe yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na mume huyohuyo kuliko aliyepigwa bila kukabwa. Mama mkwe wako huenda hajui takwimu yoyote. Ameiona shingo ya mwanawe, basi.

Unajisifu hujampiga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya mwili, hata kama mila inaruhusu. Hiyo ndiyo sakafu, mwanangu, na mtu hasifiwi kwa kusimama sakafuni. Sheria hiyohiyo, inapotaja mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika, inautaja ukatili wa mwili na wa akili pamoja. Kwa hiyo swali la kama ulimpiga au hukumpiga liache. Jiulize kama mkeo anaweza kukukatalia jambo na akalala usingizi usiku huo.

Tuje kwenye hela, ambako barua yako ina mengi kuliko ulivyokusudia.

Shilingi 3,000 kwa watu watano ni 600 kwa kichwa kwa siku: unga, mboga, mafuta, sabuni, daftari. Katika hizo mkeo amepata 60,000. Kama alikuwa anaweka 200 kila siku, ni siku 300 za kujinyima. Mtu hajinyimi miezi kumi kwa sababu ya ujeuri. Anaweka nauli. Au anaweka ya mtoto atakayeugua siku ambayo wewe hupatikani. Ulipoikuta ile hela uliona wizi, mimi nikaona mtu aliyekuwa anajiandaa kwa siku utakayomgeukia, na ulipofika kwenye shingo ukamthibitishia kwamba hakukosea.

Na tumbaku ni ya nani? Mtu wa Urambo hanidanganyi hapa. Nani alikuwa akimwagilia kitalu, nani alivuna majani, nani alikesha kuchochea moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku, usiku na mchana karibu wiki nzima ili jani lisiharibike rangi, nani alikaa chini kupanga madaraja? Halafu soko likifunguliwa, AMCOS, chama chenu cha ushirika wa mazao, ikishakata mkopo wa pembejeo, kinachobaki kinaingia kwenye akaunti yenye jina lako peke yako, na aliyekesha bani anapewa posho na kudaiwa hesabu jioni kama karani. Huo una jina, unaitwa ukatili wa kiuchumi, na katika maeneo ya tumbaku ni wa kawaida kiasi kwamba watu wanauita utaratibu. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Huyu wako kafanya za nyumbani na za shamba.

Simu umeshika, kikoba umekata, hela unahesabu. Kila kimoja umekipa sababu nzuri: usalama, ujeuri, nidhamu. Viweke pamoja uone vinafanana na nini. Mtu asiye na simu, wenzake wala senti hana pa kwenda kusema. Kofi lingekuwa la kazi gani?

Kuhusu unyumba sitazunguka. "Kumlazimisha kidogo" hakuna. Ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu haiiti kitendo hicho ubakaji pale mke na mume wanapoishi pamoja, na hilo ni pengo la sheria, si baraka kwako. Mwili hausomi kifungu. Maumivu ya chini ya kitovu ambayo vipimo havioni chanzo chake hupatikana sana kwa wanawake wanaoingiliwa bila ridhaa. Kichwa kisichopoa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, ganzi ile unayoiita gogo: ni mwili unaoishi na tahadhari saa zote na hatimaye unachoka. Zahanati hawakukosea, hawakuambiwa tu. Na mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani akirudia ghafla, hajadekezwa. Mara nyingi ni hofu, ingawa mkojo upimwe pia, maana maambukizi nayo hufanya hivyo. Watoto wanaonyamaza baba anapoingia, wageni husema wana adabu. Mwalimu wake wa darasa atakwambia zaidi ukiwa na ujasiri wa kumuuliza.

Wazee walisema mke ni nguo, mgomba kupalilia. Vijana wa siku hizi wameshika "nguo" tu, wakasahau kwamba mgomba unaobanwa haukui. Harusi ya ukumbi, kamati, michango, kadi, kisha ndani ya mwaka mmoja wanadaiana nywila za simu na kufuatiliana kila kituo. Na wake wapo wanaofanya hivyo, wapo hata wanaopiga, sikatai, nao barua zao nikiletewa nitazijibu kwa ukali huuhuu. Leo mezani iko yako.

Umeniuliza ufanyeje. Usiende ukweni. Najua utataka kwenda na kitenge na sukari, na wazee wakuitishie kikao mkeo aulizwe mbele yako. Kikao cha namna hiyo hushindwa kila mara kwa sababu moja: anayeogopa hasemi mbele ya anayemwogopa, wazee wanaona hakuna shida, wanamwambia avumilie alee watoto, anarudi, na wiki mbili baadaye mambo ni yaleyale ila sasa amejifunza kwamba hata kusema hakusaidii. Kama lazima asikilizwe, asikilizwe peke yake, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Akitaka kushtaki kuhusu shingo, atapewa PF3, fomu ya polisi, ijazwe na daktari. Usimtume mtu akamsihi aache.

Watoto wapelekewe mama yao wiki hii. Umewashika ili awafuate, na hiyo nayo ni kamba shingoni. Huyo wa miaka minne hata sheria inaanza kwa kudhani kwamba mahali pake ni kwa mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Chakula chao na ada unaendelea kulipa, bila masharti.

Wewe mwenyewe nenda kwa huyo afisa ustawi kwa ajili yako, umwambie habari ya shingo kabla ya habari ya gunia. Msimu huu mkeo ajiunge AMCOS kwa jina lake kama atataka, au akaunti iwe ya wawili na isitoke senti bila sahihi zote mbili. Kikoba ni chake, usikitaje tena. Ukiomba radhi, maneno yako yasiwe na "lakini"; ukiona "lakini" inakuja, nyamaza, hujawa tayari. Na huenda asirudi. Hilo ni lake kuamua, hata ukiyatimiza yote haya.

Ile 60,000 irudishe yote, pamoja na simu. Mpe mshenga wenu azipeleke leo, simu ikiwa na chaji, na usipige.