Hesabu Njia za Kutokea Kabla Hujatoa Hela

Wadogo zangu, kadi ya sauti ya kwanza niliyonunua kwa ajili ya spika za kuzunguka watu iliandikwa kwenye boksi kwamba ina njia sita za kutokea. Nilikuwa na spika sita, mbili zangu na nne za kuazima. Usiku nikafungua boksi, nikaigeuza kadi nyuma, nikahesabu matundu ya jeki: manne. Nikahesabu tena. Manne. Njia mbili zilizobaki zilikuwa za kidijitali, zote ndani ya tundu moja dogo lililoandikwa S/PDIF, na sikuwa na kifaa chochote cha kuzipokea. Duka liko Kariakoo, mimi niko Dodoma, na kazi ni ya kesho kutwa.

Tangu siku hiyo kila kijana anayeniuliza "kaka, nichukue saundi kadi gani ya bei nafuu nifunge spika nane?" naanza kumfundisha kusoma namba. Jina la kadi linakuja baadaye.

Namba ya kwanza kwenye jina la kadi huwa ni njia za kuingilia, ya pili ni za kutokea. Chukua Focusrite Scarlett 18i20, au Behringer UMC1820 ambayo kwa kawaida bei yake huwa karibu nusu ya hiyo. Zote mbili zinasema 20 za kutokea. Ukizigeuza nyuma, jeki za kwenda kwenye spika ni 10. Nane nyingine zinapita kwenye ADAT, tundu la kidijitali linalopeleka sauti kwa mwanga, na mbili kwenye S/PDIF. Hakuna udanganyifu hapo, hesabu ni sahihi, ila mgeni anaisoma kama matundu 20 ya spika. Angalia pia hedifoni. Kwenye kadi nyingi hedifoni haina njia yake, inarudia tu sauti ya jeki fulani za nyuma. Ukitumia jeki zote 10 kwa spika, ujue hedifoni utakuwa unasikia moja ya jozi hizo na si kitu kingine.

Wauzaji wengi hawatakusaidia hapa, na siwalaumu. Wateja wao ni studio na kwaya, watu wa kurekodi, kwa hiyo watakusifia priampu (vikuza sauti vya maikrofoni) na idadi ya maikrofoni. Sisi tunaofunga sauti kwenye ukumbi au banda la maonyesho mahitaji yetu yamegeuka kichwa chini. Maikrofoni hata moja inaweza isihitajike siku ya kazi, lakini spika nane zinataka njia nane zinazojitegemea. Ndiyo maana Behringer UMC204HD, kadi ndogo ya kuingiza mbili na kutoa nne, ina thamani kubwa kwetu kuliko kadi ghali yenye priampu nane na jeki mbili za spika. Njia zake zote nne zinapatikana kwenye matundu ya RCA nyuma, yale madogo ya duara kama ya deki ya DVD. Ukiongeza hela kidogo unapata UMC404HD, yenye nne za kuingia na nne za kutoka kwa jeki kubwa.

Nne zinatosha? Kwa kuanzia, ndiyo, na nawasihi muanze na nne. Nilijifunza hili kwa muheme. Mnaijua: ngoma za akina mama wa Kigogo, mpigaji ameibana ngoma katikati ya mapaja, wengine wanaitikia kwa sauti zinazopishana. Tulirekodi kijiji kimoja cha Chamwino, maikrofoni nne katikati ya duara zikitazama nje, kila moja upande wake. Kuicheza rekodi ile kwenye spika mbili ni kuwapanga mama wale wote ukutani kama picha ya harusi. Tulipoicheza kwenye spika nne, moja kila kona ya chumba, mtu akisimama katikati, ngoma ya nyuma ilibaki nyuma na mwitikio wa kulia ulibaki kulia. Mama mmoja aliyekuwapo siku ya kurekodi aligeuza shingo kumtafuta mwenzake. Kwa ajili ya sekunde ile naendelea kufanya kazi hii.

Mapungufu ya nne yapo. Spika za mbele zikiwa nyuzi 90 kutoka moja hadi nyingine badala ya 60 za stirio, sauti ya katikati inalegea, na ubavuni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu masikio yetu ni wavivu kuunganisha spika ya mbele na ya nyuma kuwa sauti moja ya pembeni. Ukifika nane, kila nyuzi 45 una spika, na tatizo hilo linapungua sana. Nane ndiyo idadi ninayoipenda. Lakini nane maana yake pia ni nyaya nane, amplifaya nane na mahali nane pa kuchomeka umeme. Piga hesabu ya vyote hivyo kabla hujaidondokea kadi, maana mara nyingi kadi ndiyo kitu cha bei ndogo kwenye orodha yako.

Sasa kabla hujanunua chochote, nenda kanisani kwenu. Nasema kweli. Makanisa na kumbi kadhaa mjini hapa yana miksa ya kidijitali, na Behringer X32 nimekutana nayo zaidi ya mara moja. Miksa hiyo, ukiichomeka kwa waya wa USB kwenye kompyuta, inageuka kadi ya sauti ya njia 32 kuingia na 32 kutoka, na ile kubwa ina matundu 16 ya XLR (ya duara yenye pini tatu, kama ya maikrofoni) ya kutolea. Ile iliyofupishwa, Compact, ina manane. Ndogo yake isiyo na vitufe vya juu, XR18, inatoa nane ukijumlisha njia sita za ziada (aux) na mbili kuu (main). Mafundi wengi wanaoiendesha kila Jumapili hawajawahi kuchomeka waya ule wa USB. Jumatatu hadi Alhamisi miksa imekaa bure. Mwombe mzee wa kanisa au mwalimu wa kwaya kwa heshima, ahidi kurekodi kwaya yao kwa njia nyingi kama shukrani, na utimize. Ila kabla hujagusa kitu, hifadhi mpangilio wao kwenye flashi na uurudishe ukimaliza. Ukiwavurugia ibada ya Jumapili hutapewa tena, na mdogo wako atakayekuja kuomba baada yako hatapewa pia.

Njia nyingine ya bei ndogo ipo kwenye kompyuta yako tayari: tundu la HDMI. Linaweza kubeba chaneli nane za sauti isiyobanwa. Unachohitaji ni amplifaya ya sinema ya nyumbani yenye HDMI ya kuingilia. Soma vizuri maandishi ya nyuma. Homu thieta nyingi za madukani zenye deki ya DVD ndani zina HDMI moja tu, nayo imeandikwa OUT, ni ya kupeleka picha kwenye runinga. Hiyo haikufai. Unatafuta iliyoandikwa IN. Wala usibabaishwe na tundu la mwanga la S/PDIF, lile linabeba chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa. Ukipata amplifaya sahihi ya 7.1 iliyotumika, una kadi na amplifaya kwa pamoja. Kumbuka tu chaneli ya nne ni ya sabufa, inapitisha besi peke yake, kwa hiyo spika kamili unazo saba. Na zima mapambo yote ya "ukumbi" na "uwanja" yaliyomo kwenye menyu, yatakuchanganyia chaneli ulizozitenga kwa jasho.

Anayenunua kwa mpango wa kukua, ushauri wangu ni UMC1820 kwanza, halafu baadaye ADA8200 ya kampuni hiyohiyo. Hiyo ya pili si kadi, haina USB. Inapokea ule mwanga wa ADAT na kuutoa kama jeki nane za XLR. Hapo una njia 18 za kweli za spika, zote zikiendeshwa na saa moja ya ndani, ile inayopanga mwendo wa sauti ya kidijitali. ADAT inabeba chaneli nane ukifanya kazi kwa kHz 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kila sekunde. Ukipandisha hadi 96 zinabaki nne, kwa hiyo baki kwenye 48, masikio ya wageni wako hayatadai zaidi. Nyuma ya ADA8200 kuna swichi ya kuchagua saa. Iweke kwenye ADAT ili iifuate kadi. Ukiiacha iongoze yenyewe utasikia vijimlio kama mtu anavunja vijiti, na unaweza kulaumu nyaya siku nzima.

Jambo la saa nalirudia kwa sababu wengi wanauliza: "Siwezi kuunganisha kadi mbili ndogo nilizo nazo?" Kwenye Mac unaweza kuziunganisha zionekane kama moja. Kwenye Windows programu nyingi zinakubali draiva (programu ya kuendesha kadi) moja tu ya ASIO, ile ya kazi za sauti, kwa wakati. Lakini hata zikikubali, kila kadi ina kioo chake (kristali) cha kuhesabu muda, na vioo viwili havilingani kabisa. Tuseme vimepishana sehemu 20 tu katika milioni. Baada ya saa moja kadi moja imeachwa nyuma kwa milisekunde 72. Muda huo sauti inasafiri karibu mita 25. Spika iliyo mita tatu kutoka kwako itasikika kama ipo ng'ambo ya barabara. Kwa onyesho la dakika tano hutagundua. Kwa banda linalofunguliwa asubuhi hadi jioni, kazi yako itakuwa imeharibika kabla ya saa nne asubuhi. Mac ina kisanduku cha kurekebisha mpishano huo, kiwashe kama huna njia nyingine, lakini usinunue kadi ya pili kwa mpango huo.

Vilivyotumika: vizuri, nunua, ila nenda na kompyuta yako mwenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024, kwenda Kariakoo, kujaribu kifaa na kurudi ndani ya siku moja kunawezekana. Jaribu kila tundu, moja baada ya moja, ukiwa na spika ndogo mkononi. Kadi za FireWire utazikuta kwa bei ya kuvutia na zingine zilikuwa bora sana zama zake, lakini kompyuta za sasa hazina tundu hilo na draiva za nyingi kati yake hazitengenezwi tena. Ziache, hata kama muuzaji anapunguza. Kadi salama ni ile inayofanya kazi kwenye Linux na Mac bila draiva yoyote, kwa sababu hiyo haitakufa siku kampuni itakapoacha kuitunza. Kadi za UMC ni za namna hiyo.

Programu hazina haja ya hela nyingi. Pure Data, ya kujitengenezea programu za sauti, ni bure. Reaper, ya kurekodi na kupanga sauti, unaijaribu siku 60, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na kila traki moja inaweza kubeba chaneli nyingi ndani yake. Zana za IEM kutoka Graz, Austria, za kuzungusha sauti kwenye duara, ni bure pia.

Kuhusu nyaya sitabembeleza. Tumia jeki yenye mistari miwili myeusi, TRS, au XLR, hasa waya ukizidi mita tano. Ndani yake sauti inapita mara mbili, moja imegeuzwa kinyume, na spika inaondoa moja kutoka kwenye nyingine, hivyo makelele yaliyookotwa njiani yanafutika. RCA na jeki ya mstari mmoja hazina kinga hiyo. Mvumo wa umeme wetu ni wa hezi 50, utaujua kwa besi yake isiyokoma. Ukiusikia, kwanza chomeka kadi, kompyuta na spika zote kwenye chanzo kimoja cha umeme. Usikate waya wa ethi kamwe, hata fundi akikwambia ndiyo dawa. Watu watakuwa wanashika vyuma hivyo.

Halafu vumbi. Tulifunga spika nane Agosti, viwanja vya Nanenane, Nzuguni, upepo wa kiangazi ukivuma mchana kutwa. Siku ya pili jeki mbili zikaanza kukatakata. Sasa kadi yangu inakaa ndani ya boksi la plastiki lenye tundu la nyaya na kitambaa chembamba juu ya nafasi za kupumulia, na kila jioni nachomoa na kufuta jeki zote. Kompyuta iwe na betri nzima na kadi iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika, kadi ikirudi yenyewe programu nyingi hupoteza mpangilio wa njia, na mgeni aliyetoka Kondoa na wanawe hatakungoja uupange upya.

Usiku wa kufunga nafanya hivi, na ninyi fanyeni. Nimejirekodi nikisema "moja, mbele kushoto", "mbili, mbele kulia", hadi nane, kila sentensi kwenye chaneli yake. Naicheza, nazunguka duara kwa miguu, nasimama mbele ya kila spika nikingoja isikike namba yake. Mara karibu zote kuna mbili zimebadilishana. Nazirekebisha kwenye waya, si kwenye programu, kisha nabandika karatasi yenye namba kwenye kila ncha ya kila waya, na nazizungukia spika tena kuanzia moja.