Barua kwa mwanangu: duka lako la nguo mtandaoni

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama umlipe fundi akujengee tovuti ya duka lako kuanzia sifuri, au ujisajili kwenye jukwaa la kulipia kila mwezi. Jisajili kwenye jukwaa. Waanzilishi wa Shopify, mojawapo ya majukwaa hayo, wenyewe walikuwa wakiuza mtandaoni mbao za kutelezea kwenye theluji. Walipokosa programu ya kuwafaa, wakaiandika, na mwaka 2006 wakaifungulia wafanyabiashara wengine. Kazi hiyo imeshafanyika, ya nini kuirudia? WooCommerce, programu nyingine ya duka, nayo hupakuliwa bure na hufanya kazi ndani ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, ila utalipia mahali pa kuihifadhi tovuti, na masasisho yote yatakuwa juu yako. Kwa mtu anayeshinda dukani peke yake, mimi naona ni mzigo. Jina la kikoa tu, yaani anwani ya tovuti yako, ndilo usimwachie mtu: lisajili kwa jina lako, ili siku ukihama jukwaa wateja wakukute palepale.

Kinachonihangaisha mimi ni kitu kingine. Mteja akiingia dukani hushika kitambaa, akakivuta kidogo, akakiinua kwenye mwanga, akageuza nguo ndani nje kuangalia mshono. Mtandaoni hana mikono. Yote ambayo vidole vyake vingemwambia, lazima ukurasa wako umwambie, la sivyo hatanunua, au atanunua kisha arudishe.

Kwa hiyo anza na tepu ya kupimia. Laza shati mezani, funga vifungo, linyooshe bila kulivuta, upime kutoka chini ya kwapa hadi kwapa, halafu urefu kutoka begani hadi kwenye pindo. Andika sentimita, na useme wazi kama ni upana wa nguo iliyolazwa au mzunguko mzima, maana 52 ya kulazwa ni 104 ya mzunguko, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Usitegemee lebo; L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine. Mwambie mteja apime vivyo hivyo shati lake linalomkaa vizuri, kisha alinganishe. Maelezo hayo mafupi yatakupunguzia marejesho kuliko tangazo lolote. Taja pia aina ya kitambaa, kama kinavutika, kama ni chepesi cha kuonyesha ndani, na kinavyofuliwa.

Picha zipige karibu na dirisha mchana, jua lisipige moja kwa moja, taa za ndani zimezimwa. Bluu ya giza chini ya balbu huonekana nyeusi, na mteja aliyeletewa rangi asiyoitarajia huona amedanganywa. Piga mbele, nyuma, na kwa karibu kabisa kola na mshono. Ukimpata mtu wa kuivaa, andika urefu wake na saizi aliyovaa. Kisha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipakia, kwa kuwa wengi watafungua duka lako kwa simu na bando lao lina mwisho.

Halafu stoku. Gauni moja lenye saizi 3 na rangi 4 ni bidhaa 12, kila moja na namba yake na idadi yake. Nakuomba sana hapa usifanye haraka. Gauni la mwisho linaweza kuuzwa kaunta huku mtu mwingine amelilipia mtandaoni dakika hiyohiyo. Mauzo ya kaunta yapitishe kwenye mfumo uleule. Kama bado unaandika kwenye daftari, nguo ikibaki moja iondoe mtandaoni.

Malipo waachie kampuni yenye leseni ya kazi hiyo. Usipokee kamwe namba ya kadi ya mtu kwa ujumbe. Gharama ya kusafirisha ionekane mapema, kabla mteja hajafika mwisho wa oda. Masharti ya kurudisha nguo yaandikwe: siku ngapi, nani analipia usafiri, nguo iwe katika hali gani.

Usipakie duka zima kwa mpigo. Chagua nguo chache unazoziamini, zipime, uzipige picha, kisha mwombe ndugu yako mmoja anunue kwa simu yake huku wewe umekaa kimya ukimtazama anapokwama. Jedwali la vipimo nitumie kwanza nilipitie, kabla hujalipia mwezi wa kwanza.

Mama yako