Maswali ya Wasomaji: Klorini ya Bwawa la Nyumbani Huishia Wapi?

Barua nyingi tulizopokea kuhusu mabwawa ya kuogelea ya nyumbani zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kitiwe kiasi gani cha klorini. Tumechagua sita, na msomaji ataona kwamba karibu katika kila jibu tunamrudisha mwulizaji kwenye swali linalotangulia lake, yaani ni nini kinachoila klorini aliyokwisha kutia. Viwango vyote vya humu ni vya miligramu kwa lita, ambavyo kwenye vifaa vingi vya kupimia huandikwa ppm. Kwa maji ya bwawa thamani ni ileile.

SWALI: Ndugu Mhariri, bwawa letu liko nje, lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, na kina chake kinaanzia mita 1 upande mmoja hadi mita 2 upande wa pili. Kila asubuhi natia klorini ya unga mpaka kipimo kisome 3, lakini ikifika alasiri hakuna kitu. Muuzaji wa dawa ananishauri niongeze tu. Niendelee kuongeza, na kwa hesabu gani?
*Mwenye bwawa lisiloshiba*

JIBU: Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Kina cha wastani cha bwawa lako ni mita 1.5, hivyo ujazo wake ni mita za ujazo 48, sawa na lita 48,000. Gramu 1 ya klorini tupu ikichanganyika na mita 1 ya ujazo ya maji hutoa kiwango cha 1, na kwa hiyo kulipandisha bwawa lako kutoka 0 hadi 3 kunahitaji gramu 144. Klorini ya unga, ambayo aghalabu ni haipokloraiti ya kalsiamu, huwa na nguvu ya asilimia 65 hivi, nawe utapima takriban gramu 220 za unga huo. Anayetumia klorini ya maji ya asilimia 10 atahitaji karibu lita moja na nusu, ila akumbuke kwamba dawa hiyo hupungua nguvu ikiwa ghalani, hasa penye joto na mwanga, na dumu lililokaa miezi kadhaa halistahili kuaminiwa kwa namba iliyobandikwa ubavuni.

Hesabu hiyo hata hivyo haikutibu tatizo lako. Mwanga wa jua huivunja klorini iliyo majini, na katika bwawa lisilo na kinga yoyote, zaidi ya nusu yake huweza kutoweka ndani ya saa moja hivi ya jua kali la adhuhuri. Unayoitia asubuhi unaipeleka moja kwa moja kwenye jua hilo. Lakini kabla ya kulihukumu jua, fanya jaribio ambalo halina gharama: pima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaungana na uchafu, baada ya jua kuzama, acha pampu ifanye kazi usiku kucha bila mtu kuogelea wala dawa kuongezwa, kisha pima tena alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Ikiwa usiku umepoteza zaidi ya 1, kuna kitu ndani ya maji kinachoila klorini, na mara nyingi ni mwani ulioanza kuota kabla macho hayajauona, au majani na uchafu uliolala sakafuni na ndani ya chujio. Hapo piga brashi kuta na sakafu, safisha chujio, na uendelee kutia klorini mpaka upotevu wa usiku upungue. Ikiwa usiku haukupoteza karibu chochote, mlaji ni jua.

Dhidi ya jua kuna asidi ya sianuriki, ambayo madukani huitwa stabilaiza. Hiyo huishika klorini kwa ulegevu na kuikinga dhidi ya mwanga, kisha huiachia kidogo kidogo inapohitajika. Kwa bwawa la nje, kiwango cha 30 hadi 50 kinatosha. Kufikia 30 katika bwawa lako kunahitaji kilo 1.4 hivi, na kwa kuwa huyeyuka polepole sana, itie ndani ya mfuko wa kitambaa uuning'inize mbele ya tundu ambalo maji ya pampu hurudia bwawani. Ukishaitumia, usiiruhusu klorini huru ishuke chini ya 2. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani (CDC) hupendekeza angalau 1 katika bwawa lisilo na asidi hiyo na angalau 2 katika lile lililo nayo, kwa sababu klorini iliyoshikwa huua vijidudu polepole zaidi.

Jambo la mwisho ni saa ya kutia dawa. Hamishia kazi hiyo jioni, pampu ikiwa inazunguka, ili klorini ipate usiku mzima wa kufanya kazi yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, bwawa letu lina paa. Watoto wakitoka majini macho yao huwa mekundu na harufu ya klorini inatukaba hata sisi tulioketi kando. Nimepunguza dawa mara mbili na harufu imezidi. Kipimo kinaonyesha klorini huru 0.8 na klorini jumla 1.8. Nipunguze tena?
*Mama wa waogeleaji watatu*

JIBU: Hapana, mama. Vipimo vyako vimekwisha kutoa jibu, na tunakupongeza kwa kupima vyote viwili, maana wengi hupima kimoja tu. Ukiondoa 0.8 katika 1.8 unabaki na 1.0, na hiyo ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi ikawa kloramini. Kloramini ndizo zinazonuka na kuwasha macho, ilhali uwezo wake wa kuua vijidudu ni mdogo mno ukilinganishwa na klorini huru. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na maji safi halina harufu kali. Kila ulipopunguza dawa uliinyima klorini nguvu ya kuzimaliza kloramini hizo, nazo zikaendelea kulimbikizana.

Klorini iliyoungana ikizidi 0.4 inafaa ishughulikiwe. Desturi ya watunzaji wa mabwawa ni kutia, kwa mara moja, klorini ya kiasi cha mara 10 ya ile iliyoungana, nayo huzichoma kloramini na kuzigeuza kwa sehemu kubwa kuwa gesi ya nitrojeni. Kwako ni 10, yaani gramu 10 za klorini tupu kwa kila mita ya ujazo ya maji. Kutia nusu ya kipimo hicho kwa hofu huweza kukuacha na harufu mbaya kuliko ya mwanzo. Fanya hivyo usiku, fungua madirisha na milango yote, ondoa kifuniko cha bwawa kama kipo, na asiingie mtu majini mpaka klorini huru irudi chini ya 4. Chini ya paa shughuli hii huchukua muda zaidi, kwa sababu mwanga wa jua unaosaidia kuvunja kloramini nje haupo, na gesi zisipopata pa kutokea hurudi majini.

Baada ya hapo, mlango wa tatizo ufungwe kabla halijaingia. Kila mtu aoge kwa maji mengi kabla ya kuogelea, hata kwa dakika moja tu, na watoto wapelekwe msalani kila baada ya muda. Tunajua ushauri huu hupuuzwa zaidi kuliko mwingine wowote katika safu hii, lakini kwa bwawa la ndani una uzito kuliko dawa.

SWALI: Natumia vidonge vya klorini katika kikapu kinachoelea, na kwa miaka miwili sikuwa na shida. Sasa maji yamekuwa ya kijani ingawa klorini inasoma 3. Je, vidonge vya siku hizi ni hafifu?
*Mpenda njia nyepesi*

JIBU: Tunadhani vidonge vyako ni vizima, na tatizo ni kile kinachobaki vikishayeyuka. Vidonge vingi vinavyoyeyuka polepole ni vya trikloro, ambayo ni klorini iliyofungwa ndani ya asidi ya sianuriki ileile tuliyomshauri msomaji wa kwanza atie kwa kipimo. Kila klorini 10 inayotokana navyo huacha asidi hiyo 6 hivi. Bwawa linalotumia klorini 2 kwa siku hupokea basi takriban 36 ya asidi ya sianuriki kwa mwezi mmoja, na kwa kuwa asidi hiyo haivukizwi na jua wala kuzuiwa na chujio, hupungua tu maji yanapomwagika au yanapotolewa. Baada ya miaka miwili, haishangazi ikiwa imepita 100.

Katika hali hiyo kipimo hakidanganyi kinaposoma 3, lakini karibu yote imeshikwa na asidi, na iliyo tayari kuua mwani papo hapo ni chembe. Wapo watunzaji wenye uzoefu wanaolenga klorini huru isiyopungua asilimia 7 au 8 ya asidi ya sianuriki. Kwa asidi ya 120 hiyo ni 9 hivi, kiwango ambacho hatungependa kukiona katika bwawa la familia kila siku.

Pima asidi ya sianuriki kwanza. Ikithibitika kwamba imezidi, njia ya uhakika ni kubadilisha maji: ukitoa nusu na kujaza mapya, 120 huwa 60, na ukirudia huwa 30. Usilikaushe bwawa lote kwa pamoja bila kumwuliza fundi, kwa sababu maji yaliyomo ardhini huweza kulisukuma bwawa tupu juu au kulipasua. Kisha uue mwani kwa klorini ya maji au ya unga, pamoja na brashi na pampu isiyozimwa, na vidonge viwe vya kukusaidia unaposafiri. Hatuvichukii vidonge. Tunachokikataa ni kuvitegemea mwaka mzima bila kupima masalia yake.

SWALI: Klorini yangu ni 2 lakini pH ni 8.2. Nianze kurekebisha kipi?
*Fundi anayejifunza*

JIBU: Anza na pH, yaani kipimo cha uasidi au ubesi wa maji. Klorini ikiwa majini hugawanyika katika sura mbili, na sura yenye nguvu kubwa ya kuua vijidudu ni asidi ya haipoklorasi. Katika pH ya 7.2 asidi hiyo ni kama theluthi mbili ya klorini yote, kwenye 7.5 ni karibu nusu, na kwenye 8 hubaki robo hivi. Asidi ya sianuriki ikiwamo majini tofauti hiyo hupungua, lakini haiondoki. Shusha pH hadi kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi ya hidrokloriki iliyokwisha kuchanganywa na maji mengi, ukiimimina kidogo kidogo huku pampu ikizunguka, na uache saa kadhaa zipite kabla ya kutia klorini. Fahamu pia kwamba klorini ya unga na ya maji huelekea kupandisha pH, ilhali vidonge vya trikloro huishusha.

SWALI: Jana nilitia dozi kubwa sana ya klorini, na leo kipimo cha matone kimeonyesha rangi ya waridi kwa nukta moja, kisha maji yakawa meupe kabisa. Imeisha yote?
*Mwenye mashaka*

JIBU: Yaelekea imezidi. Dawa ya kupimia inayogeuka waridi huchujuka rangi klorini inapopita 10 hivi, na macho yakasoma sifuri pale penye wingi. Changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu nne za maji yasiyo na klorini, pima upya, kisha zidisha jibu mara 5. Usiongeze chochote kabla ya hapo. Jua la siku moja au mbili litaishusha lenyewe.

SWALI: Nimebakiwa na kopo la klorini ya unga na sanduku la vidonge vya trikloro. Naweza kuvitia pamoja katika chombo kimoja cha kuyeyushia, ili nivimalize?
*Asiyependa kutupa*

JIBU: La, na tunaomba kila mwenye bwawa alisome jibu hili hata kama hakuuliza. Haipokloraiti ya kalsiamu na trikloro zote huitwa klorini, lakini zikikutana, hasa penye unyevu kidogo, huweza kuwaka moto na hata kulipuka. Hata mabaki ya unga katika chombo kilichowahi kuushika yanatosha. Kila dawa iwe na chombo chake, kijiko chake na rafu yake, mahali pakavu penye hewa na mbali na watoto. Asidi ikae mbali na zote mbili, kwani ikigusana na klorini hutoa gesi ya sumu. Unapoyeyusha unga, weka maji kwanza kwenye ndoo ndipo utie unga, wala usimwage maji juu ya unga. Malizia unga wako kwa kuuyeyusha hivyo jioni kwa jioni, na vidonge uvihifadhi katika sanduku lake hadi zamu yake ifike katika kikapu kisichowahi kutiwa kitu kingine.