Kwa nini picha zilizofutwa kwenye memori kadi zinarudi nusu

Mkuu, umeuliza kwa nini programu ya kuokoa picha zilizofutwa imekurudishia picha za ubatizo, ila nyingine juu ziko safi na chini ni kijivu kitupu. Kadi yako haijafa. Yalinikuta hayohayo kwenye sendofu moja Tabata.

Kadi ya GB 32 ilikaribia kujaa kabla keki haijakatwa. Nikawa nafuta picha mojamoja kwenye kamera, huyu kafumba macho, ile ina ukungu, nikapata nafasi nikaendelea kupiga. Usiku ule studio, Sinza, kijana wangu akabonyeza futa zote akijua nimeshahamisha.

Kadi ile ilikuwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi. Nafasi yake imegawanywa vyumba vinavyolingana, ndizo klasta, kwangu kila moja kilobaiti 32. Picha ya MB 8 inakalia klasta 256. Orodha ya mafaili inaandika jina, ukubwa na klasta ya kwanza tu. Zinazofuata zimo kwenye jedwali la FAT, kila moja ikielekeza kwa mwenzake mpaka ya mwisho. Ukifuta, picha yenyewe haiguswi: herufi ya kwanza ya jina inawekewa alama (ndiyo maana majina yanarudi yakiwa na pengo), na mnyororo wote kwenye jedwali unageuzwa sifuri. Programu inabaki inajua picha ilianzia wapi na ilikuwa kubwa kiasi gani, basi. Inakisia kuwa klasta zilifuatana, inahesabu 256 mfululizo.

Picha za mwanzo, kadi ikiwa tupu, zilifuatana kweli na zikarudi zote. Za mwisho ndizo zilizoniumiza, maana kamera ilizijaza kwenye mapengo niliyoacha mwenyewe: chukulia klasta 190 hapa, 66 zilizobaki mbali kule. Programu inasoma 190 vizuri, kisha inaingia ndani ya picha nyingine. Bi harusi anamlisha mama yake keki, nyuso zipo, mikono haipo. Nilimpigia mama huyo mwenyewe kumweleza. Sitamani simu ile impate mpiga picha yeyote.

Kwa hiyo acha kufuta mojamoja ukiwa kazini. Beba kadi ya pili. Ukimaliza, hamisha zote sehemu mbili, zifungue uhakikishe, ndipo ufomati kadi ndani ya kamera.

Na yule aliyekushauri uifanyie defragi, yaani kuvipanga upya vipande vya mafaili vifuatane, usimsikilize. Defragi inasaidia diski inayozunguka, ambayo kichwa chake kinapoteza muda kuhangaika kutoka kipande hadi kipande. Kadi haina kichwa, na kuhamishahamisha mafaili sasa kutaandika juu ya picha unazozitafuta.

Kadi hiyo usiipigie tena hata picha moja. Tengeneza kwanza nakala yake nzima kwenye kompyuta, halafu jaribu PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, juu ya nakala hiyo, ukiwasha chaguo lake la paranoid lenye brute force, linalojaribu kuunganisha vipande vya picha za JPEG. Ni la polepole mno. Kwangu ilikesha usiku mzima ikaokoa picha tano, na ya keki ilikuwemo.