Mtoto amekufa kwa selimundu, daktari ameshaeleza, mbona baba bado anauliza kwa nini?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Malindi, nafanya kazi maabara ya hospitali. Miezi mitatu nyuma, mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka minne, alifariki kwa ugonjwa wa selimundu. Damu yake nilikuwa nikiipima mimi mwenyewe. Siku ya pili ya matanga shemeji alinivuta kando akaniuliza: "Wewe umesoma. Kwa nini mwanangu?" Nikamweleza habari za vinasaba, yaani zile chembe za urithi mtoto anazozipokea kwa wazazi wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hayo daktari kashaniambia. Mimi nakuuliza kwa nini." Nikakosa neno. Nilipomsimulia mwenzangu wa kazini, alisema swali la shemeji halina maana. Sayansi ikishajibu hakuna "kwa nini" nyingine, na kisichopimika hakipo. Huku upande wa shemeji kuna bibi anayesema mtoto alichezewa na majini, na wengine wanasema ukoo wetu ndio ulioleta damu mbaya. Tangu hapo nikisimama kuswali moyo wangu unayumba. Je, nina dhambi? Na shemeji nimjibu nini?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Poleni sana. Barua yako niliisoma baada ya swala ya alfajiri, nikairudia mara mbili. Nimeuona uchungu wake, nami sitaki kukujibu haraka haraka.

Mwaka wa 10 Hijria, mjini Madina, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hakutimiza hata miaka miwili. Alikuwa amempakata wakati roho ikitoka, na machozi yakimtiririka. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akashangaa: hata wewe, ewe Mtume wa Allah? Akamwambia hiyo ni rehema, kisha akasema: "Jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Nasi kwa kuondokewa nawe, ewe Ibrahim, tuna huzuni."

Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa falaki wa zama zetu, wakirudisha hesabu nyuma, wanakuta kupatwa kwa jua kulikoonekana Madina tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina hawakuwa na hesabu hizo. Waliona mchana unafifia, na mtoto wa Mtume amekufa, wakasema: jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Baba aliyefiwa, anaambiwa hata mbingu zimemlilia mwanawe! Lakini alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Mkiona hivyo, muombeni Allah na mswali.

Nataka uishike siku hiyo, kwa sababu jibu lako lote limo ndani yake. Jua lina sababu yake ya kupatwa, na Mtume alikataa kuichanganya sababu hiyo na msiba wa nyumbani kwake. Na msiba nao aliuacha uwe msiba. Hakuutafutia maelezo angani, wala hakuwaambia watu kwamba machozi yake hayana maana kwa kuwa jua linakwenda kwa hesabu.

Sasa tuje kwa shemeji. Neno letu "kwa nini" ni moja, lakini hubeba maswali mawili, na wewe ulimjibu moja akiwa anakuuliza jingine. La kwanza ni: imekuwaje? Hili ni lako, watu wa maabara, na mnalijibu vizuri. Miaka kadhaa nyuma mtaalamu mmoja wa kazi yako alinikaribisha nichungulie kwenye hadubini. Alikuwa amepaka tone la damu kwenye kioo na kulitia rangi. Niliona chembe nyingi za duara kama sahani ndogo, na katikati yao nyingine zimejikunja, nyembamba, zimechongoka pande mbili kama mundu. Kwangu mimi zilifanana zaidi na hilali ya siku ya kwanza. Akanieleza jinsi zinavyokwama kwenye mishipa midogo, damu isipite, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa. Nilitoka pale nimenyamaza. Lile jina selimundu nilikuwa nimelisikia mara nyingi, lakini mundu wenyewe sikuwahi kuuona.

La pili ni hili: kwa nini huyu, kwa nini kwangu, na je, maisha yake ya miaka minne yalikuwa na maana yoyote? Hili hata ukikiweka kile kioo chini ya hadubini kubwa kuliko zote duniani hutaliona jibu lake. Sisemi hivyo kuishusha hadubini. Iliundwa kuona chembe za damu, nayo inaziona.

Wewe ni mtu wa Malindi, na kule Ngomeni bila shaka umeyaona yale majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Miale hiyo haifiki chini, hewa ya dunia huizuia; mtu angeweza kukaa na darubini yake ufukweni umri mzima asiione hata mmoja. Orodha iliyotokana na kazi ya setilaiti ile ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Kabla yake, mtu angesema "sivioni, kwa hiyo havipo", na angekuwa amekosea. Lakini linalonigusa zaidi ni jina lake. Kwa kuwa ilirushwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Chombo kikahesabu miale kwa uhodari wote, na juu yake kimebeba jina la kitu ambacho chenyewe hakingeweza kukihesabu. Uhuru una uzito gani? Una joto la digrii ngapi? Na nani wa pwani hii, penye kumbukumbu ya masoko ya watumwa, atakayesema kwa kuwa haupimiki basi haupo?

Kwa hiyo mwenzako umwendee kwa upole, maana ni mwenzako na pengine naye anatafuta. Amesema kisichopimika hakipo. Muulize: kauli hiyo yenyewe kaipima kwa mashine gani? Ilitoka maabara ipi, kwa sampuli ngapi? Haikutoka maabara yoyote. Ni itikadi, naye ana haki ya kuitetea kwa hoja, lakini asiivalishe koti jeupe akaiita matokeo ya uchunguzi. Kisha muulize jambo la kazini kwenu. Siku mtu atakapomtilia noti mfukoni ili karatasi ya majibu iandikwe kinyume, ni kipimo gani kitakachomwambia asiandike? Mashine itachapa namba aliyoiingiza. Hapa kwetu Lamu nahodha anajua bamvua lini na maji mafu lini, anajua saa ya kung'oa nanga bila kutazama kitabu. Maji yakijaa yataliinua jahazi lenye boriti za halali, na yataliinua vile vile lenye boriti za wizi. Elimu ya maji ni ya kweli kabisa, na juu ya wizi haina neno.

Qur'ani imewataja watu ambao "wanajua hali ya dhahiri ya maisha ya dunia", huku wameghafilika na Akhera. Angalia kwamba Allah hakusema hawajui. Kosa lao ni kusimama mlangoni na kudai nyumba haina ndani.

Na sisi watu wa dini tunayo makosa yetu, tena mengine mabaya zaidi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, aliwaonya wale wanaodhani kuitetea dini ni kuwabishia watu wa falaki katika hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi. Alisema hao ndio wanaoidhuru dini, kwa kuwa hesabu zile zina hoja thabiti. Ukimwambia aliyezielewa kwamba zinapingana na sheria, hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka sheria. Imepita miaka mia tisa na bado tuna masheikh wa namna hiyo. Na siku hizi wamezidi wengine wanaokimbilia kila ugunduzi mpya na kuubandika kwenye aya, kana kwamba Qur'ani ilikuwa ikingoja kuthibitishwa na gazeti la wiki hii. Mimi hilo silipendi. Nadharia ikibadilika mwakani, aya tutaipeleka wapi? Wala usimweke Allah kwenye matundu ambayo sayansi haijayaziba. Yeye ni Mola wa yale uliyoyaelewa kwenye kioo chako kama alivyo Mola wa usiyoyaelewa.

Ndiyo maana maneno ya yule bibi siyakubali. Mheshimu, ni mkubwa na ana uchungu wake, lakini majini tunayoyaamini kwa sababu Qur'ani imeyataja hayakutolewa kwetu yawe maelezo ya kila ugonjwa. Mtoto alikuwa na selimundu, nawe umeiona kwa macho yako. Na hayo ya damu mbaya ya ukoo ni dhulma, na hapa nataka wewe useme mbele ya familia zote mbili. Mtoto hapati ugonjwa huu ila amepokea kinasaba kwa baba na kwa mama pia. Wote wawili wamekibeba wakiwa wazima, na kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja katika nne. Hakuna ukoo ulioleta na ukoo ulioletewa. Waeleze pia kwamba anayebeba kimoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea sana kwenye nchi za mbu kama hii yetu. Huenda ndicho kilichowavusha mababu wa pande zote mbili utotoni. Kuwaita hao damu mbaya!

Sasa, je, dini inalo jibu la swali la pili? Hapa nitakwambia kweli ingawa huenda ulitarajia zaidi. Kwa nini msichana huyu na si mwingine, mimi sijui, na hakuna sheikh anayejua. Katika Suratul Kahf, Khidhri, yule mja aliyepewa elimu na Allah, alimuua kijana, na Nabii Musa, mtume mwenye kitabu, hakuielewa hekima yake mpaka alipoelezwa. Wapo wanaoisoma hadithi hiyo kisha wanakwenda matangani kumwambia mama, "Allah kamchukua kwa sababu angekuja kukutesa." Nani kawaambia? Khidhri alifundishwa na Allah. Wao wamebuni. Sisi katika kisa hiki tuko mahali pa Musa.

Tulichopewa ni kingine. Tumeambiwa kuwa maisha hayakuumbwa bure, na kwamba mtoto yule hakupotea. Yuko kwa Aliyemuumba. Imepokewa katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi kwamba mja anapofiwa na mwanawe akamshukuru Allah na kurejea Kwake, Allah huwaambia malaika wamjengee nyumba Peponi na kuiita Nyumba ya Sifa. Hayo hayaelezi kwa nini. Yanamwambia shemeji wako aupeleke wapi uchungu wake.

Basi mwendee, ukae naye, usianze na vinasaba. Mwambie: swali lako ni la kweli, na mimi kazi yangu hailijibu. Lia naye ikibidi. Mtume alilia.

Kisha, siku zikipita, rudi na kazi yako. Kama dada ana watoto wengine, wapimwe. Na vijana wanaotaka kuoana wakapime kabla ya posa kukamilika. Mimi sioni kizuizi chochote katika sheria, naliona ni jambo jema. Watakaokwambia huko ni kukimbia qadari, yaani alivyokadiria Allah, wakumbushe khalifa Sayyidna Umar alipofika njiani kwenda Sham, nchi ya Shamu, akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia qadari ya Allah? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah.

Limebaki la moyo wako kuyumba. Masahaba walimwendea Mtume wakasema: tunakuta nafsini mwetu mambo ambayo ni mazito mno kwetu kuyatamka. Akawauliza: mmeyakuta kweli? Wakasema ndiyo. Akasema: "Hiyo ndiyo imani ya wazi." Iko katika Sahihi Muslim. Kule kuogopa kwako ndiko kunakoonyesha kuwa moyo una cha kupoteza. Kwa hiyo huna dhambi, na swala usiiache. Ukisimama unayumba, simama hivyo hivyo.

Dada yako nimemwombea leo baada ya alasiri, pamoja na baba mtoto. Ukija Lamu, nipo msikitini kila siku baina ya magharibi na isha. Njoo naye shemeji.

Wallahu aalam.