Bango letu la taka mtoni halisomwi: tubadilishe programu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Kikundi chetu kinapiga vita utupaji wa taka mtoni. Tumetengeneza bango la A3: nyuma kuna picha ya mto uliojaa plastiki, juu tumeandika "Kila siku maelfu wanautupia mto wetu taka!", chini kuna sababu sita za kutotupa taka, halafu nembo tano za wadau. Kwenye simu linapendeza sana. Tumechapisha nakala 200. Kijani kimegeuka kama tope, picha ina ukungu, na watu wanapita bila kusoma. Mwenzetu mmoja anasema tuongeze DPI, yaani idadi ya nukta kwa inchi. Mwingine anasema tuiachie programu ya akili bandia, itatoa bango jipya kwa dakika mbili. Tufuate lipi?

Jibu: Msifuate lolote kati ya hayo mawili. Ukungu na kijani kibovu ni makosa ya faili, na dawa yake ni fupi. Watu kupita bila kusoma ni ugonjwa mwingine kabisa, na hakuna programu inayoutibu.

Nianze na lile fupi. Karibu hakika faili ilimfikia mchapaji kama picha ya WhatsApp. A3 kwa pikseli (nukta za picha) 300 kwa inchi inahitaji pikseli 3508 kwa 4961. WhatsApp, kwa ubora wake wa kawaida, huibana picha hadi upande mrefu ubaki na pikseli 1600 hivi, na pikseli hizo zikitandazwa kwenye karatasi ya urefu wa sentimita 42 mnapata chini ya 100 kwa inchi. Ukiongeza DPI baada ya hapo, programu inabuni pikseli za kujazia tu, kilichopotea hakirudi. Rudini kwenye faili ya mwanzo, itoeni kama PDF ya kuchapia yenye ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia, na mkiituma kwa WhatsApp itumeni kama dokumenti, si kama picha. Kuhusu kijani: skrini hutoa rangi kwa mwanga, yaani RGB, na karatasi hutoa rangi kwa wino nne zinazochanganywa, yaani CMYK. Kijani kinachong'aa kama taa hakimo kwenye wino. Wekeni faili kwenye CMYK kabla ya kuchagua rangi, siyo baada ya kumaliza. Maandishi meusi yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100. Yakichanganywa wino nne, tabaka zikipishana hata kwa unene wa unywele, herufi ndogo zinaota kivuli.

Sasa lile linaloniudhi, maana naliona kila mara. Watu wengi wa harakati wanaamini bango ni kipeperushi kilichokuzwa. Basi kila mjumbe wa kamati anaongeza sentensi yake, kila mdau analeta nembo yake, na lisiposomwa lawama zinaangukia fonti, au rangi, au programu. Lakini kipeperushi mtu anakishika mkononi. Bango halishikwi; linapitwa, na anayelipita ana sekunde chache na kichwa chake kimejaa shughuli zake.

Chukueni rula mpime lenu. Kanuni ya kazi ni kwamba herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 2.5 husomwa bila shida kwa umbali wa mita 3 hivi, yaani umbali ni kama mara 120 ya kimo cha herufi. Kwenye fonti za kawaida kimo hicho ni kama pointi 100, kipimo cha herufi mnachokiona kwenye programu. Sababu zenu sita, zikiwa za pointi 12, zina herufi kubwa za milimita 3. Zidisheni kwa 120: sentimita 36. Hakuna mpita njia atakayesimama kwenye matope na kusogeza uso wake sentimita 36 kutoka ukutani ili asome sababu ya nne. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 29.7, ukiacha sentimita 2 za pambizo kila upande, herufi kubwa za sentimita 2.5 zinaenea 11 hivi kwa mstari. Hiyo ndiyo bajeti yenu, mistari miwili au mitatu ya herufi 11, na ikiisha imeisha.

Hata yale maneno machache ya juu, yanayosomeka, yanafanya kazi kinyume nanyi. "Kila siku maelfu wanautupia mto wetu taka" inamwambia mwenye mfuko mkononi kwamba kutupa ni jambo la kawaida na wenzake wote wanatupa. Hili limepimwa. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka vibao katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, ambako wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande kilifuatiwa na wizi wa karibu 8 kwa kila vipande 100 walivyovitega. Kibao kilichoomba tu mtu asichukue kilibaki chini ya 2. Kulalamika kwenu kunahesabika kama mwaliko.

Picha nayo ina tatizo la aina hiyohiyo. Mto uliooza unatia hofu na kichefuchefu, na mtafiti wa mawasiliano Kim Witte alieleza mwaka 1992 kinachotokea hapo: mtu aliyetishwa bila kuonyeshwa jambo analoweza kulifanya huanza kupambana na hofu yenyewe. Anageuza macho, au anasema hayanihusu. Hofu inasaidia pale tu inapokuja na hatua iliyo ndani ya uwezo wake.

Kwa hiyo kabla ya kufungua programu yoyote, kaeni chini mjibu: huyu anayepita hapa, tunataka afanye nini, leo, akiwa amesimama hapahapa? Kama kuna pipa hatua 40 kutoka pale wanapotupia, bango ni hili: PIPA LIPO kwenye mstari wa kwanza, HATUA 40 kwenye wa pili, na mshale mnene chini yake. Mistari hiyo ni mifupi, kwa hiyo herufi zinaweza kukua hadi sentimita 3.5 na kusomeka kwa mita 4 hivi. Andikeni nyeusi juu ya njano. Nembo moja pembeni, ya kimo cha sentimita moja na nusu. Wadau wengine watajwe kwenye barua ya shukrani. Bandikeni kwa usawa wa macho, upande ambao watu wanatokea na mifuko, siyo juu ya mti ambako linapendeza kwa kupigwa picha.

Na kama pipa halipo, wala gari la taka halifiki, acheni kabisa kuwakemea wananchi. Hapo anayetakiwa kusoma ni mwenye dhamana ya kuleta pipa, na bango linabadilika kuwa dai. Wafanyakazi wa taka waliogoma Memphis, Marekani, mwaka 1968 walibeba mabango ya maneno manne tu, I AM A MAN, yaani "mimi ni mwanamume", neno la pili likiwa limepigiwa mstari. Hayakuwa na picha wala nembo wala orodha ya madai. Mwaka huohuo, jijini Paris, wanafunzi na wafanyakazi wa Atelier Populaire, karakana ya mabango ya waandamanaji, walikuwa wakichapa mabango yao kwa skrini, mengi kwa rangi moja, kwa sababu rangi moja inachapwa haraka na bango la kesho haliwezi kungoja wiki. Anayewaambia kwamba bila rangi kumi hamtasikika anawauzia wino.

Kipimo kabla ya kuchapisha: fotokopini bango kwa nyeusi na nyeupe, kwani mengi yataishia kurudufiwa hivyo, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kama neno limezama kwenye usuli, badilisheni rangi. Kisha mwonyesheni mtu asiyewajua kwa sekunde tatu, ligeuzeni, mwulizeni linamtaka afanye nini. Akijibu "linahusu mazingira," limeshindwa. Rudieni kwa watu watano, kwa nakala moja ya majaribio. Hizi 200 zingeokolewa na nusu saa hiyo.

Kosa la kutangaza kile unachokipinga limejaa pia kwenye mabango ya afya. Uvumi kuhusu chanjo unaandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote, halafu unapigwa muhuri mwekundu wa UONGO. Aliye mbali anasoma uvumi, muhuri anauona kama pambo. Ukweli ndio uchukue herufi kubwa. Uvumi, kama lazima utajwe, uje chini kwa herufi ndogo.

Kuhusu bango la akili bandia la dakika mbili: programu hizo huweza kukosea tahajia ndani ya picha, na hilo mtu makini atalinasa. Lisilonaswa ni baya zaidi. Itawapa picha ya mto ambao haupo, wenye taka ambazo hakuna aliyezitupa. Siku mnayempinga atakapowauliza imepigwa wapi na lini, mtakosa jibu, na hata vipimo vya kweli mlivyonavyo vitaitwa vya kubuni. Pigeni picha ya mto wenu wenyewe, andikeni tarehe na mahali, na faili halisi iwekeni sehemu mbili. Nyuso za watu zisitumike bila ruhusa yao, hasa watoto. Na kama kazi yenu inawakera wenye nguvu, futeni jina la mwandishi kwenye taarifa zilizofichika ndani ya PDF, na mahali pa kupigia kwenye taarifa za nakala za picha mnazosambaza, kabla faili haijatoka mikononi mwenu.