Soketi haina kosa, "changamoto" ndiyo yenye kosa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Mikindani, naandika famweya (programu inayokaa ndani ya kifaa) ya mizani ya kidijitali, na kabla ya kuiflashi kwenye bodi naijaribu ndani ya QEMU, programu inayoigiza bodi kwenye kompyuta. Nilimwandikia mwenzangu wa Lindi: "Nina changamoto ya soketi, bandari 1234 haifanyi kazi." Akanicheka. Anasema soketi ni ya ukutani, ya mtandao iitwe "tundu". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Soketi, yaani pale programu moja inapounganika na nyingine kuzungumza, iache kama ilivyo, ngeli ya I-/ZI-: soketi imefunguka, soketi zimefunguka. Tumeipata kwa Waingereza, nao kwa Kifaransa cha kale, ambako ilikuwa ncha ya mkuki yenye umbo la jembe la plau. Kama ilitoka kwenye mkuki ikafika ukutani, haitashindwa kuingia kwenye kompyuta. Ukisema "tundu la mtandao", fundi atadhani umevamiwa.

Bandari iko Mtwara, ina gati na kina kirefu cha asili. 1234 ni namba tu ya mlango ambao programu husikiliza, iite poti.

Sasa tuje kwenye neno ambalo hukuliuliza. Changamoto ni jambo linalokuita ujipime nalo: mpinzani hodari, mtihani mgumu. Lina ari ndani yake. Leo limegeuzwa kapu la taka. Daraja limekatika, changamoto. Maji hayatoki wiki nzima, changamoto. Mhasibu ametoroka na fedha za kikundi, eti "changamoto za kifedha". Huyo ni mwizi, jamani.

Nenda ghala la chama cha msingi msimu wa korosho usikilize. Hutasikia kwamba gunia lina changamoto. Utasikia: hizi mbichi, hazikukauka, hizi zimeota ukungu, hizi changa, humu mna mawe. Kila neno lina dawa yake: mbichi zinarudi juani, zenye mawe zinachambuliwa, za ukungu zinakataliwa. Karani akisema tu "zina changamoto", mkulima atakwenda kuanika mawe.

Na wewe ndivyo ulivyomfanyia mwenzako. Soketi ina hitilafu tatu zinazojulikana, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza, *umekataliwa*. GDB, programu ya kusaka makosa, inabisha hodi kwa QEMU, jibu linarudi papo hapo: hakuna mtu. Mashine imefikika, ila kwenye poti ile hakuna programu inayosikiliza. QEMU haifungui poti 1234 mpaka uianzishe kwa `-s` (ile `-S` kubwa ni ya kuisimamisha CPU isianze kukimbia, wengi huweka moja wakidhani ni nyingine). Ukihamia kwenye bodi halisi kwa OpenOCD, programu inayoiunganisha GDB na bodi, GDB hubisha 3333; 4444 ni ya telnet, ya kuandika amri kwa mkono. Na kama GDB iko ndani ya kontena (chumba cha programu kilichotengwa ndani ya kompyuta), `localhost` yake, yaani "hapa hapa", ni kontena lenyewe, si kompyuta yako. Tena OpenOCD kwa kawaida husikiliza 127.0.0.1 pekee, anwani ya "hapa hapa", kwa hiyo anayebisha kutoka nje hukataliwa mpaka uibadilishe kwa `bindto`.

Ya pili, *poti imeshikwa*. Hapa anayelalamika ni QEMU, si GDB: anwani inatumika. Mara nyingi ni QEMU ya asubuhi ambayo hukuizima. Andika `sudo ss -ltnp`, tafuta 1234, soma namba ya mchakato, uuzime. Bila `sudo` hutaona jina la mchakato wa mtumiaji mwingine. Ikiwa seva ya majaribio umeiandika mwenyewe na inagoma kila ukiiwasha upya, weka `SO_REUSEADDR` (ruhusa ya kutumia anwani tena) kabla ya `bind`, amri ya kushika poti. La sivyo kwenye Linux utangoja kama sekunde 60 muunganisho wa zamani uishe.

Ya tatu, *kimya*. Unabisha, hakuna karibu wala hakuna mtu, mpaka muda unaisha. Hapo shuku faiawoli, mlinzi wa mtandao, inayomeza pakiti, au anwani isiyo sahihi. Kuwasha QEMU upya mara kumi hakutasaidia kitu.

Kukataliwa, kushikwa, kimya. Maneno ya nyumbani yote, na kila moja linakuambia pa kwenda. "Haifanyi kazi" nayo iache; hata redio iliyoishiwa betri haifanyi kazi.

Mwandikie tena: "GDB inakataliwa kwenye soketi, poti 1234 haina msikilizaji." Atakujibu kwa maneno mawili: "Umeweka -s?"